Kila Dawa Katika Hali Yake ya Asili

Usiku wa kuamkia siku ya kuripoti kambini sikulala kwa sababu ya neno moja. Mimi ndiye niliyeandika masharti ya kambi yetu ya mafunzo ya vijana, pale kando ya ziwa. Sharti la tatu lilisema: "Kila dawa iletwe katika hali yake ya asili, ikiwa na jina la kijana." Nilimaanisha pakiti ileile aliyopewa hospitalini, ili muuguzi wetu ajue anampa nani nini. Lakini je, kama mzazi angesoma "dawa ya asili"? Karatasi ya masharti wazazi walikuwa nayo wiki nzima. Nikajiambia, kama ninavyojiambia kila mara, kwamba nawaza kupita kiasi.

Saa nne asubuhi, mama mmoja kutoka upande wa Kombewa aliweka chupa ya soda juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na maji ya kahawia na vipande vya mizizi. Alikuwa ameibandika plasta yenye jina la bintiye, kwa mwandiko safi kabisa.

"Mwalimu, dawa ya huyu ndiyo hii. Ana kifafa."

"Na zile za hospitali, mama?"

"Si mlizikataa? Karatasi inasema ya asili. Nikashangaa, nikasema hawa wamesoma, wanajua. Nimemwanzisha tangu Alhamisi, mwili uzoee."

Ilikuwa Jumamosi. Binti, wa miaka kumi na sita hivi, aliangalia viatu vyake. "Ni chungu! Mama mwenyewe alionja akatema."

"Nyamaza wewe. Nilitema kwa sababu mimi si mgonjwa."

Foleni ya wazazi ikacheka. Mimi nilikuwa nikihesabu: siku mbili bila vidonge, na mchana huo ratiba ilikuwa kuogelea. Muuguzi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba binti asirudishiwe vidonge kwa kukisia kiasi. Apelekwe leo hii hospitali anakotibiwa.

Mkuu wa kambi akaja kuuliza kuna nini. Hii ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo, mkataba wa miezi mitatu tu. Nilikuwa na jibu tayari: mzazi hakuelewa masharti. Hata mama alinisaidia. "Labda ni mimi nilisoma vibaya," alisema, akiikunja ile karatasi.

"Hapana, mama. Ulisoma sawa. Mimi ndiye niliyeandika vibaya."

Mkuu alinitazama. "Na wengine je?"

Nikachukua simu, nikawatumia wazazi wote ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili, kisha kwa Dholuo, lugha ya wenyeji: kosa ni langu, dawa za hospitali zisiachwe nyumbani, asiachishwe mtu yeyote dawa zake. Sikuurekodi upya. Kisha nikaingia kwenye gari la kambi pamoja na mama na binti yake, nikamwambia dereva atupeleke hospitali anakotibiwa, kule Kombewa.