Waliolala Kifuani mwa Muuguzi

Muuguzi wa wodi ya kifua alinyata kama paka aliyeiba samaki. Milango aliifunga kwa vidole viwili, chafya aliimeza nusu, na hata moyo wake, wanaojua husema, ulidunda kwa kunong'ona. Yote yalianza siku walipopimwa wafanyakazi kwa sindano ya ngozi, mkono wake ukavimba kipele kama kifungo cha koti, na daktari akamwambia: "Kifua kikuu unacho, mama, ila kimelala. Huumwi wala huambukizi." Kimelala! Tangu hapo, wodi ikitulia mchana, alikuwa akitia masikioni mipira ya kusikilizia vifua, akajisikiliza mwenyewe, na humo ndani akasikia watu wengi wakivuta pumzi pamoja, taratibu, kama wako bwenini. Vidonge vya kinga alivyopewa alivificha mfukoni, yeye aliyewasimamia wagonjwa mpaka wameze. Aliogopa vitawaamsha hao waliolala kifuani.

"Dada, meza," mfamasia alimwambia.

"Aliyelala usimwamshe, mdogo wangu."

"Haya, ngoja mwili uchoke, waamke wenyewe! Na binti yako anajifungua mwezi huu. Ukianza kukohoa, mjukuu utamlaza wapi, mgongoni mwa jirani?"

Muuguzi akaomba maji, akameza kidonge, kisha akajisikiliza mpaka jasho likamtoka puani.

"Vipi, wamekusalimu?" mfamasia akacheka.

"Mmoja kajigeuza," akanong'ona, mkono kaunyoosha. "Nipe kingine upesi, kabla hajawaamsha wenzake."