Siku Bibi Alipomwita Sefu Kwenye Tenisi

Mkebe mpya wa mipira ya tenisi ukiufungua, kwanza unatoa pumzi, fyuuu, kama mtu aliyezuia kikohozi msikitini. Halafu inakuja harufu: champali mpya za mpira zilizoachwa juani, na petroli kidogo kwa mbali. Juzi mwanangu kafungua mmoja sebuleni, malaika ya mikono yakanisimama yote, ikabidi nikae chini. Akadhani ni presha. Nikamwambia si presha, ni bibi yangu. Sasa sogeeni niwaeleze, na nikitia chumvi mnistahi, mimi kipimo cha chumvi sikuzaliwa nacho.

Tulikuwa tukikaa Pearland, ubavuni mwa Houston kule Amerika, mama akifanya kazi hospitali, baba dereva. Bibi mzaa mama alikuja kututembelea kutoka Mombasa, na kila mtu alijua kilichomleta si sisi. Alimfuata mwanawe. Mjomba Sefu alijificha ndani ya meli pale Kilindini kabla mimi sijazaliwa, watu wakasema meli imekwenda Amerika, na toka hapo hakuna simu, hakuna salamu. Wajomba zangu wengine walishachoka. Walitaka asomewe hitma kama wanavyosomewa maiti wote, yaishe. Bibi akakataa katakata. Alisema atakayemsomea hitma mwanawe aliye hai, basi siku akifa yeye asije kumzika.

Kwa hivyo Houston nzima ilikaguliwa. Bibi alisimamisha wanaume sokoni, kwenye mataa, kwenye maegesho ya hospitali. Polisi mmoja, mkubwa kama friji mbili, alishikwa kidevu akageuzwa uso kushoto, kulia, akaachiliwa. Na yule polisi akatulia tuli kama mtoto anayepakwa mafuta. Mama alikuwa akirudi nyumbani aibu imemjaa mpaka masikioni.

Jioni moja bibi alikuwa anachambua mchele mbele ya televisheni. Wakaonyesha mashindano ya tenisi ya mataifa, wanaume peke yao, timu kwa timu, na safari hiyo yalikuwa yanachezwa kwetu Houston. Wageni walitoka visiwa fulani vya mbali, siwataji, wasije wakasema nimewaroga. Walikuwa wanafanya mazoezi tu. Kamera ikamsogelea mmoja wao, kijana mrefu, mweusi wa kung'aa.

Sinia la mchele likaenda chini. Bibi hakupiga kelele. Alisema neno moja tu, "Huyo."

Mama akatazama, akajiziba mdomo. Akaingia chumbani, akatoka na picha ya Mjomba Sefu, ile aliyopiga studio kabla hajaondoka, akaiweka kando ya televisheni. Wallahi, ilikuwa kama mtu anajitazama kiooni. Pua ile, paji lile, mpaka ule mkao wa shingo. Baba, ambaye hata mwezi wa Ramadhani lazima auone kwa macho yake mwenyewe, alikohoa, akaenda kununua tiketi.

Tulikaa juu kabisa, kwenye viti vya bei rahisi, juu kiasi kwamba ndege walikuwa wakipita chini yetu. Jua la Houston lilikuwa linakaanga watu bila mafuta. Uwanja wenyewe ulikuwa wa udongo mwekundu, na wachezaji wote wamevaa nyeupe. Mashabiki wakapiga ngoma na tarumbeta, bendera zikapepea, nikafurahi, nikasema leo harusi. Kisha mchezaji akashika mpira, na watu maelfu wakanyamaza pamoja, mara moja, kama mtu kazima umeme. Wenyewe mnajua sisi, hata kwenye matanga tunasikika mtaa wa tatu. Kimya kile kilinipanda mgongoni kama maji baridi.

Bibi akaniinamia. Alikuwa akinitania kuniita mke mwenzake, kama mabibi wafanyavyo. "Mke mwenzangu, mbona wamenyamaza? Nani kafa?"

"It's the rules, Bibi," nikamjibu.

Hakuelewa, au alielewa kitu kingine. Walipokwenda kupumzika, yule kijana alikaa kwenye kiti, akachukua taulo jeupe, akajifunika kichwa kizima mpaka kifuani. Hakutikisika. Udongo mwekundu chini, nguo nyeupe juu, na mtu hana uso. Nilimtazama miguu kama ana kwato, maana nilishaambiwa majini hujulikana kwa kwato, lakini viatu vilikuwa vimejaa udongo, sikuona kitu. Nikamshika bibi buibui. Mkono wake ulikuwa baridi, na jua lile.

Kijana akafunua taulo, akaenda kuanzisha mpira. Watu wakanyamaza tena. Bibi akasimama.

"Sefu."

Hakupaza sauti. Alimwita kama unavyomwita mtoto aliye uani aje kula. Mpira ulikuwa umesharushwa juu. Kijana akauacha uanguke. Ukadunda, ukadunda, ukabiringika mpaka kwenye wavu. Akageuka. Hakumgeukia mwamuzi, wala wale wa viti vya mbele. Alitutazama sisi, huko juu mawinguni, akamwona bibi, akamkodolea macho. Bendera zote zilining'inia. Mwamuzi alisema kitu kwenye kipaza sauti, sidhani kama kuna aliyemsikia.

Mama akamvuta bibi nguo. "Mama, kaa. Huyu ni mtoto. Sefu saa hizi angekuwa na mvi."

"Angekuwa," bibi akasema, macho hayajabanduka kwa kijana. "Huyu yu vile vile alivyotoka mlangoni kwangu. Zuhura, walio hai hawabaki hivi."

Mama akaiachia nguo ya bibi.

"Wapigie ndugu zako," bibi akasema. "Wasome."

Akamwinulia kijana mkono, taratibu. Kijana akainua raketi kidogo, akaomba mpira mwingine. Kwa nini aligeuka, mimi mpaka leo sijui, na nimeshatunga sababu sabini.

Shuleni nilitangaza kwamba mjomba wangu ni jini na anachezea timu ya taifa. Wenzangu waliniogopa mwezi mzima, nikala peremende za bure.

Lakini kuna jambo sikulielewa. Usiku ule bibi alifungua sanduku lake, akatoa kanzu mpya, akampa baba. Baba yangu alikuwa mwembamba kama mswaki. Siku ya hitma aliivaa, nyumba imejaa watu, wengine wame-drive kutoka Dallas, naye yumo ndani ya kanzu ile kama kijiti ndani ya gunia. Wanawake walicheka, na bibi alicheka kuwashinda. Nikadhani hajui kununua nguo.

Miaka mingi baadaye, nimesimama dukani, nimeshika shati la mwanangu, nikachukua kubwa kidogo kwa sababu anakua. Kumbe muda wote ule Sefu alikuwa anakua moyoni mwa bibi. Alimwotesha mvi, akamnenepesha, akamshonea kanzu ya kumtosha. Alikuja Houston kumtafuta mwanamume wa makamo mwenye kitambi. Akaonyeshwa kijana.