Kwikwi ya Baba

Baba yangu, mstaafu wa reli, ndiye aliyekuwa na sauti nzito kuliko zote katika kwaya ya kanisa letu pale mtaani Jericho, na alilijua hilo kupita kiasi. Kwa hiyo Jumapili kwikwi ilipomkamata katikati ya wimbo, sisi wanawe tuliinamisha vichwa, na si kwa kusali.

Kwikwi haikuisha. Ilikula naye mezani, ikalala naye kitandani. Jirani mmoja akaleta sukari ya kulamba, mwingine akashauri anywe maji akiwa ameinama. Fundi viatu wa pale nje alijificha nyuma ya mlango, akamrukia ili amshtue. Baba alimtazama tu, akapiga kwikwi, akasema, "Karibu chai."

Mama ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alikuwa ameona jasho la kila jioni, suruali inavyolegea, na jinsi mzee alivyokuwa akilisugua bega la kulia.

"Baba watoto, twende hospitali."

"Nikawaambie nini? Kwamba nina kwikwi?"

"Waambie mke wako amechoka kuisikia."

Mimi ndiye niliyempeleka. Daktari, mwanamke wa rika langu, hakucheka. Alimgongagonga mbavu kwa vidole, kisha akaagiza picha ya kifua. Baba akanung'unika kwamba siku hizi hata kwikwi inapigwa picha.

Picha ilipotoka, daktari alituita tuitazame. Kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, kilikuwa kimesukumwa juu upande wa kulia. Chini yake palikuwa na kivuli cheusi, na chini ya kivuli mstari ulionyooka, kama soda ndani ya chupa.

"Huu weusi ni hewa," daktari alisema. "Hapa hapafai kuwa na hewa. Na mstari huu ni uso wa majimaji, nadhani ni usaha. Mzee, tumbo lilikuuma hivi karibuni?"

Baba alikohoa. "Kidogo tu, mwezi uliopita. Yalikuwa maharagwe."

Hayakuwa maharagwe. Skani ilionyesha kwamba kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, usaha ukapanda kimyakimya hadi chini ya kiwambo, ukakaa pale ukikichokoza hadi kikazaa kwikwi. Baba alisikiliza yote, kisha akavua saa yake, akanipa nimshikie. Hapo ndipo nilipojua kwamba ameogopa.

Walimtoboa ubavuni, wakapitisha mrija, usaha ukatoka. Wakamtia dawa kwenye mshipa. Kwikwi ilikoma bila kuaga, na wodi nzima ikapumua.

Mama alimkuta ameketi kitandani, akamfungulia chupa ya uji wa wimbi.

"Ukiumwa tena, hata ukucha, utasema?"

"Nitasema."

"Utamwambia nani?"

Baba aliutazama uji, akanitazama mimi, akaona hana wa kumtetea. "Nitakwambia wewe," akasema, akapokea kijiko.