Mmarekani wa Ukoo Wetu

Enzi zetu Fittja, huku Uswidi, kabla simu hazijaanza kulea watoto, tulikuwa tunateleza kwenye theluji juu ya mifuko ya plastiki mpaka makalio yanakufa ganzi, kisha tunakimbilia nyumbani kula maharage ya nazi. Mama akikuona umelowa hakuulizi kama umeumia. "Hiyo suruali atafua nani, bibi yako?" Watoto wa leo wakiona theluji wanaipiga picha, wanarudi ndani.

Nikiwa darasa la nne, mwalimu alitaka kila mtoto asimulie habari za babu yake wa karne ya kumi na tisa. Wenzangu Waswidi, karibu wote, walikuwa na babu aliyehamia Marekani. Mimi sikuwa na wa kumtaja, na nilijua nitaumbuka. Baba alikuwa kazini, nikamuuliza mgeni wetu Mzee Kondo, Mzaramo, mtani wa baba yangu Mnyamwezi. Jamani, mtani haulizwi habari za ukoo!

"Nyie? Babu yenu ni Mmarekani," akasema, uso mkavu. "Alishuka Unguja na majora ya kitambaa, Wanyamwezi wakambeba mpaka Tabora. Kitambaa cha kuwalipa kikaisha, nani amrudishe pwani? Wakamwoza mke."

Nikayamwaga yote darasani. Mwalimu alifurahi kupita kiasi, na siku ya kikao cha wazazi akamshika baba mkono akimwomba amsimulie zaidi kuhusu huyo Mmarekani. Baba akageuka kunitazama. Nilijificha nyuma ya koti la mama, maana neno moja la baba lingenifanya mwongo wa shule nzima. Na baba alikuwa mlokole, hadanganyi hata kwenye simu.

Akakohoa. "Ndiyo," akasema kwa Kiswidi chake kizito. "Kulima alikuwa hawezi kabisa. Lakini alipenda watoto."

Sijawahi kumpenda baba kama siku ile. Kwenye lifti nikamweleza hadithi yote ya Mzee Kondo, naye akajibu, "Mwambie Kondo, kwetu hatumwozi mtu bila mahari." Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Siku hizi wanangu hawahitaji watani, wana kompyuta. Juzi binti yangu alimtafuta huyo Mmarekani jioni nzima, kisha akaniambia kwa Kiswidi kwamba hayupo popote. Najua hayupo, mwanangu. Lakini babu yako, yule aliyesimama mbele ya mwalimu akamkubali huyo Mmarekani, alikuwepo, na yeye kompyuta haimjui. Funga hiyo, njoo nikusimulie.