Fainali ya Wency Dumlao na Mpunga wa Barabarani

Wency Dumlao hajawahi kukaa kitako tangu tumjue. Misimu kumi na minne alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa Manila, na picha yake ikabandikwa kwa kila kinyozi wa mkoa huu. Goti lilipomchoka akafanywa kocha, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Mechi ikipamba moto, anaingia uwanjani na viatu vyake vya ngozi kumsukuma mchezaji mahali pake. Timu tatu zikamfukuza. Mwaka huu akarudi San Fermin kwa mama yake, Nana Ising, tukampa timu ya kijiji kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka.

Kisha chuo kimoja cha Manila kikamtuma mtu, Bwana Quiambao, aje atazame fainali yetu na timu ya Maluyon. Akimkuta Wency ni mtu wa kutulia, kazi ya ukocha chuoni ni yake. Wiki nzima Wency alizunguka nyumba kama aliyekalia siafu.

"Nikikosa hii, dada Luring, nimekwisha," aliniambia mimi, jirani yao. "Nitabaki kufukuza kuku."

"Basi anza kwa kunywa chai umekaa."

Fainali ikaangukia wiki ya mavuno. Barabara kando ya uwanja ilijaa mpunga ulioanikwa, na kwetu mvua ikianza, aliye karibu anakimbia kuuzoa, uwe wake usiwe wake. Hata padri huacha mahubiri.

Wency alikaa. Nakiri nilimwonea fahari, alivyong'ang'ania benchi kwa mikono miwili. Zikiwa zimebaki dakika mbili, tuko nyuma kwa pointi tatu, matone yakagonga bati la uwanja. Watazamaji tukatoka mbio, na wachezaji wa Maluyon na jezi zao. Vijana wetu nao wakageuka.

"Hakuna kutoka!" Nilimsikia nikiwa mlangoni. Alikuwa ameshasimama. "Saa inakwenda. Chezeni."

"Kocha, mpunga unalowa."

"Utakauka kesho. Fungeni."

Mwamuzi, mtu wa kuja, hakusimamisha mchezo. Vijana wakafunga mara nne kwenye kikapu kisicho na mlinzi, macho yao yakiwa barabarani. Filimbi ikalia. Wency akamtafuta Bwana Quiambao, akakuta kiti kitupu.

Bwana huyo alikuwa nasi kwenye mvua, suruali kaikunja hadi magotini, ameshika mdomo wa gunia huku nahodha wa Maluyon akimimina. Tulikuwa tunazoa mpunga wa Nana Ising, uliokuwa mbali kuliko yote. Nusu ulikuwa umeshasombwa mtaroni.

Wency akaja mbio, ameloa, uso unang'aa. Hasira ilinipanda hata nikashindwa kumtazama.

"Mama, tumeshinda."

Nana Ising hakuinua kichwa. Aliendelea kukusanya kwa viganja.

"Mmemshinda nani, mwanangu?"