Sentensi Niliyoikata

Nilianza kazi ya ualimu kwenye shule moja ya kata huko juu milimani Mbinga, baada ya kukaa miaka sita nyumbani Namswea na shahada yangu ya Kiingereza, nikimsaidia mama kulima na kuwajibu majirani waliotaka kujua serikali itaniajiri lini. Ajira ilipofika nilikuwa nimeshaanza kupita njia za pembeni ili nisikutane na watu. Kwa hiyo nilipoingia darasani niliishika chaki kama mtu aliyeokolewa asizame.

Mada iliyonipa taabu kuliko zote ilikuwa viunganishi vya sababu na matokeo, kidato cha pili. Kosa lilikuwa lilelile karibu kila daftari: "Because it rained, so we were late." Sikuwalaumu. Kwa Kiswahili mtu anasema kwa kuwa mvua ilinyesha, basi tulichelewa, na hakuna anayeshangaa. Kiingereza kinataka kiunganishi kimoja tu. Ukishaanza na "because", hiyo "so" ikae nje. Wengine waliandika "because of it rained", nikatumia wiki nzima kuwaeleza kwamba "because of" hufuatwa na jina, si sentensi. Tulipofika kwenye "as a result" niliandika ubaoni kanuni fupi, wakainakili: taja sababu, weka nukta, anza sentensi mpya na kiunganishi, weka mkato, taja matokeo. Kisha nikawaambia waachane na mifano yangu ya mvua, kila mmoja aandike jambo la kweli la maisha yake. Niliamini mtu hujifunza lugha upesi akiwa na la kusema.

Aliyepata wa kwanza alikuwa msichana wa dawati la nyuma, mtoto wa mkulima wa kahawa, mkimya, mwenye mwandiko mdogo uliobanana kana kwamba anaogopa kumaliza daftari. Aliandika: "On Wednesdays we pick coffee on the headmaster's farm. As a result, we have no English lesson." Kila Jumatano tunachuma kahawa kwenye shamba la mkuu wa shule, matokeo yake, hatuna kipindi cha Kiingereza.

Ilikuwa kweli tupu. Msimu wa kahawa ukianza, mkuu wa shule alituma darasa zima shambani kwake, na jambo hilo aliliita mafunzo kwa vitendo. Walimu wote tulijua. Mimi mwenyewe nilishawasimamia mara mbili, nimesimama kwenye ukungu na koti zito, nikiwahimiza wasichanganye mbivu na mbichi. Nilipoisoma sentensi ile niliona viunganishi tu. Nikampa vema kubwa, na chini yake nikaandika "Good".

Wiki mbili baadaye tukapata taarifa kwamba wathibiti ubora wa shule wanakuja. Mkuu wa shule akakusanya madaftari ya mfano kutoka kila darasa, akayapitia mwenyewe ofisini. Kisha akaniita. Daftari la yule msichana lilikuwa wazi mezani kwake.

"Hii sentensi ina kosa," alisema.

Nikaisoma tena, nikamwambia kisarufi haina kosa.

"Ina kosa, mwalimu. Wewe ndiye wa Kiingereza. Litafute."

Hakupandisha sauti. Akaniuliza, kama mtu anayebadilisha mazungumzo, kama ninakumbuka kwamba karatasi zangu za kuthibitishwa kazini bado ziko kwake. Nikasema ninakumbuka. Angeweza kulificha tu lile daftari kabatini na kutoa jingine, lakini alitaka nikate mimi. Nikachukua kalamu nyekundu. Nikapitisha mstari juu ya vema yangu, nikaikata sentensi yote, na pembeni nikaandika kwamba kiunganishi kimetumika vibaya. Kisha nikalifunga daftari, nikamrudishia.

Wageni walikuja, wakafunuafunua madaftari, wakasifu kwamba yanasahihishwa, wakanywa chai, wakaondoka.

Msichana alinifuata siku iliyofuata nje ya ofisi ya walimu, daftari kifuani. Alinisalimia kwanza, shikamoo mwalimu, akasubiri nimwitikie, ndipo akalifungua.

"Mwalimu, mwanzo ulinipa vema. Sasa umekata. Nimekosea wapi?"

Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni kwake, hatua chache kutoka tulipo, akiongea na mtu wa stoo. Nikamwambia yule mtoto kwamba kiunganishi kile hakiruhusiwi kuanza sentensi.

"Lakini ubaoni ulianza nacho."

"Basi ubaoni nilikosea mimi," nikasema.

Aliniangalia kidogo. Sidhani alinishuku, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alikuwa anaipanga kanuni mpya kichwani. Akasema asante mwalimu, akaenda.

Jumatatu nilipokusanya kazi za darasa, nilikuta ile kanuni niliyowapa imekatwa kwa rula, daftari baada ya daftari. Alikuwa amewaambia wenzake, kwa nia njema, kwamba mwalimu amesema alikosea. Nikakaa na lile rundo muda mrefu. Ilinipasa kuwarudia niwaambie kanuni ya kwanza ndiyo sahihi. Lakini wangeuliza, na yeye angeuliza wa kwanza, sentensi yake ilikatwa kwa nini. Nikajiambia kwamba wageni watakaposahaulika nitawaeleza wanafunzi. Kisha nikasema baada ya msimu wa kahawa. Kisha mtihani wa taifa ukafika.

Swali la kuunganisha sentensi lilikuwemo. Waliotoka kwenye chumba cha mtihani waliniambia kwa furaha kwamba walikumbuka kutoanza na kile kiunganishi.

Matokeo yalipotoka, kikao cha walimu kiliitishwa. Mkuu wa shule akauliza kwa nini Kiingereza kimeanguka kiasi kile. Tulikuwa watu wazima kumi na wawili mezani, na hakuna aliyetaja kahawa. Zamu yangu ilipofika nilisema wanafunzi wetu hawapendi kusoma. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaandika. Mwezi ule ule karatasi zangu zilisainiwa.

Yule msichana alitakiwa kurudia darasa. Hakurudi.

Niliomba uhamisho, na kwenye fomu, palipoulizwa sababu, nikaandika matatizo ya kifamilia. Nikapangiwa Lituhi, ziwani, ambako niko mpaka leo. Kabla ya kuhama nilipanda kilima hadi nyumbani kwa yule msichana, nikiwa nimeyapanga maneno ya kumwambia. Nilimkuta baba yake akigeuza kahawa kwenye kichanja. Nikamwamkia, akanikaribisha kiti, akamwita mkewe alete ugali na maharage. Binti hayupo, akasema, yuko Mbinga mjini kwa shangazi yake, anajifunza cherehani.

Nikaanza kusema kwamba nimekuja kwa ajili ya ile habari ya Kiingereza. Mzee akanyanyua mkono kunizuia.

"Usijilaumu, mwalimu. Ulijitahidi. Hata yeye mwenyewe anasema ulijitahidi. Kichwa chake tu kizito."

Maneno yangu yote niliyoyapanga yalikuwa bado mdomoni. Ilitosha kuufungua. Nilisema ndiyo, mzee, watoto hawalingani.

Tulikula. Nilipoaga, mama akanifungia maharage kwenye mfuko wa salfeti, akasema huko ziwani watu wanakula samaki tu, nisije nikayasahau ya nyumbani. Niliyapokea kwa mikono miwili, nikashuka nayo kilima. Lituhi tuliyala karibu mwezi mzima, mimi na mke wangu niliyehama naye, naye akasema ni maharage mazuri, yanaiva upesi.