Kumbikumbi Tuliowapa Samaki

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba alivuka mpaka pale Tunduma kwenda kutafuta kazi ya migodini Zambia. Hadi leo hajarudi. Shule niliiacha darasa la pili, kwa hiyo msitafute maneno ya kupambwa humu. Nasema nilichokiona.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Mbozi mnaukumbuka mwezi wa kumi na moja. Ghalani imebaki harufu ya mahindi tu, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mwaka ule mama alikuwa ameshaamua: mvua zikianza na ndani hamna kitu, mdogo wangu Esta, wa miaka minne, apelekwe kwa shangazi Isongole akalelewe huko. Kikapu cha nguo zake kilishafungwa. Tuliwajua watoto waliopelekwa hivyo. Walirudi wakubwa, wanatusalimia kama wageni.

Chini ya kijiji palikuwa na bwawa la kunyweshea ng'ombe. Kuanzia mwezi wa sita hupati kitu pale, maana kwetu kuna baridi, na perege akipata baridi anashuka kwenye tope na kufunga mdomo. Bibi, mama yake baba, alinifundisha: "Achana na mawingu, mjukuu wangu. Ingiza mkono mpaka kiwiko. Ukitetemeka wewe, na samaki anatetemeka." Kila asubuhi nikawa naingiza mkono. Siku moja maji ya pembeni yakawa vuguvugu, nikaona perege wamechimba viota vyao vya duara. Lakini ndoano yangu ya pini yenye mnyoo hawakuigusa.

Ndipo ikanyesha mvua ya kwanza, na kulipokucha kumbikumbi wakatoka ardhini kama moshi. Mnajua wenyewe: kijiji kizima na mabakuli, hata mzee wa kanisa anakimbia pekupeku. Nilijaza sufuria. Nikirudi nyumbani nikapita bwawani, nikaona kumbikumbi walioangukia majini wanamezwa mmoja mmoja, chubwi, chubwi. Nikamwaga nusu ya sufuria majini.

Kumbe mama alikuwa nyuma yangu, na bibi nyuma yake.

"We mtoto! Chakula chetu unawapa samaki? Umerogwa?" Tayari ameshavunja fimbo.

"Mwache kwanza," bibi akasema. "Akitoka mikono mitupu, mchape na sehemu yangu."

Maji yalichemka kwa samaki. Nikatunga kumbikumbi kwenye pini, nikatupa. Perege wa kwanza. Wa pili. Mama akaiacha fimbo, akafunga khanga kiunoni, akawa anawapokea. Sufuria ikajaa. Akapanda nyumbani mbio, akamwaga nguo za Esta kitandani, akarudi na kikapu kile kile.

Wiki tatu tulivua hivyo. Bibi aliwakausha kwa moshi, mama akaenda kubadilishana kwa mahindi sokoni Ruanda, huku huku Mbozi. Esta hakwenda Isongole. Aliolewa akitokea nyumbani kwetu, na ng'ombe wake wa mahari niliwapokea mimi.

Vijana wa sasa wanaiuliza simu kama kuna mvua. Simu inasema jua, na wao wamelowa chapachapa! Miaka ya karibuni walikuwa wanakokota chandarua bwawani mpaka vifaranga vya samaki vinaisha, tukawapigia kelele hadi tukakauka koo. Mwaka huu wamekaa wenyewe, wamekataza chandarua, na juzi nimehesabu viota kumi na vinne upande wa jua. Sisi tulifundishwa na njaa. Hawa wamejifunza wakiwa wameshiba, jambo ambalo mimi nisingeliweza.

Naukumbuka moshi ule wa bibi. Samaki wa friji hana harufu ile.

Leo nina ekari sita za kahawa, nyumba ya matofali ya kuchoma, ng'ombe watano, chumba kimoja cha duka kule Chapwa, pikipiki ya matairi matatu, na bwawa dogo nililochimba kwa jembe. Perege wamo.